Ukungu Ndio Uliopanga Ratiba: Siku Sita Katika Nyumba ya Mapumziko Lushoto

Nilifanya kosa la kuwaambia wenzangu kazini kwamba nimekodi nyumba ndogo Lushoto kwa siku sita. Kicheko kilichozuka pale ofisini Arusha kilinifundisha kuchagua maneno, na tangu siku hiyo nikawa nasema "nyumba ya mapumziko", kisha naongeza haraka haraka kwamba mke wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu watakuwa humo humo ndani. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa ndogo kweli: vyumba vitatu vyenye kuta nene za mawe, paa la bati lililopakwa rangi nyekundu, meko ya kuotea moto sebuleni, na bustani iliyoteremka taratibu mpaka kwenye kijito, kando ya barabara itokayo mjini Lushoto kwenda Magamba.

Nilikwenda na jedwali. Ni tabia yangu, na familia imeshaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Siku sita zilikuwa zimegawanywa asubuhi na alasiri, na kila kisanduku kilikuwa na jina la mahali: Irente, Magamba, Mtae, Mlalo, Soni, na siku ya tano, kwa herufi kubwa, Amani. Nilikuwa nimezipata sehemu hizo kwenye karatasi ambayo mwenye nyumba alinitumia kwa simu, iliyoorodhesha vivutio vya karibu pamoja na umbali wake kwa kilomita. Kama kuna ushauri mmoja ninaoweza kumpa mtu anayekodi nyumba katika milima hii, basi ni huu: usiulize kilomita, uliza saa, na ukishajibiwa uliza tena ni saa hizo katika msimu gani.

Asubuhi ya kwanza tuliamka tukakuta dunia imeisha mwisho wa baraza. Kijito tulikisikia lakini hatukukiona, na bustani ilikuwa imebaki ngazi tatu tu. Mzee anayeitunza nyumba alikuja na kuni, watoto wakampa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haraka na jambo lolote. Nilimuuliza, kwa heshima lakini nikiwa nimeshika ufunguo wa gari, ukungu huu huondoka saa ngapi. "Mwanangu," akasema, "uangalie ule mkaratusi pale ng'ambo. Ukiuona kuanzia shina mpaka kileleni, ndipo uende Irente. Kabla ya hapo utakwenda kutazama maziwa." Nilitazama alikoonyesha na sikuona mkaratusi wowote. Tulikunywa chai, tukanywa tena, na kufikia saa tano kasoro mti ulikuwa umejitokeza wote, mrefu kupita nilivyodhani, na kisanduku cha kwanza cha jedwali langu kilikuwa kimekwisha kupita.

Ukungu huo haukuwa bahati mbaya yetu. Milima ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu iliyoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, na kazi yake kubwa, tangu zamani sana kabla ya binadamu kufika, imekuwa kuzuia upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi. Upepo huo hupanda miteremko, hupoa, na maji yaliyokuwa yamejificha ndani yake hugeuka kuwa mawingu yanayotembea chini kabisa, kati ya miti na nyumba za watu. Sisi wa Arusha tunaishi katika kimo kinachokaribia sana kile cha Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na nilidhani baridi naijua. Lakini baridi ya Lushoto ya mwezi wa Julai ina maji ndani yake, inaingia katika soksi, na blanketi moja haliitoshi. Wajerumani, ambao waliuita mji huu Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, waliipenda kwa sababu hiyo hiyo, wakaja kupumzika hapa kutoka kwenye joto la pwani. Mama mkwe wangu aliposikia hayo alisema kwamba kila mtu ana ugonjwa wake.

Kwa hiyo tulikwenda Irente, kwenye genge la mlima linalotazama nyika, alasiri, na nikagundua kwamba ndiyo saa yake. Asubuhi genge hulala ndani ya wingu. Mchana wingu limeondoka lakini nyika iliyo chini imejaa ukungu mkavu wa joto na vumbi, na macho hayafiki mbali. Kuanzia saa kumi na nusu hivi hewa husafika, jua huanza kuinamia upande wa magharibi ambako genge lenyewe linatazama, na kila kitu kule chini hupata kivuli chake, hata mti mmoja mmoja. Kutoka mjini ni mwendo wa kama kilomita sita, nasi tulitembea wakati wa kwenda, kwa miguu, tukipita mashamba ya mboga na shule ya watoto wasioona, kisha shamba la Kanisa la Kilutheri ambako tulinunua jibini na mkate wa ngano nyeusi. Mama mkwe alitangulia kwa bodaboda, na tulipofika tulimkuta amekaa mbali na ukingo, amewageuzia mgongo vijana waliokuwa wakipiga picha, anasema hapendi kumwona mtu asiyekuwa na akili akisimama pale.

Alikuwa na haki. Jiwe la Irente linaishia ghafla, na mbele yake hakuna kitu kwa karibu mita 1,000 kwenda chini. Unaona kwanza anga, halafu ndege wa mawindo akizunguka chini ya miguu yako badala ya juu ya kichwa, halafu, ukizoea, mistari iliyonyooka ya mashamba ya mkonge, barabara kuu kama uzi, na vijumba vya mabati vinavyong'aa. Nilimwuliza kijana mmoja wa pale vile vijumba ni wapi. Akasema ni Mazinde. Nilishangaa, kwa sababu tulikuwa tumepita Mazinde siku moja kabla, tukitoka Same kwenda Mombo, na sikuwa nimeona kitu cha kunifanya nipunguze mwendo.

Hapo ndipo ningependa kukaa kidogo, maana watu wengi hufika Irente, hupiga picha, wakaondoka bila kujua wanatazama nini. Wasambaa huigawa nchi yao sehemu mbili: Shambaai, yaani mlimani penye ubaridi na migomba, na nyika, yaani tambarare kavu ya chini yenye maradhi na njaa. Ukingo wa Irente ndio mpaka wenyewe wa sehemu hizo mbili, na historia ya ufalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, unaweza kuisoma ukiwa umesimama juu yake. Mbegha, mwindaji ambaye masimulizi yanasema alitoka Ngulu akiwa amefukuzwa kwa mikosi ya kuota meno ya juu kwanza, alipanda kutoka nyikani na nyama ya nguruwe mwitu, akawagawia watu wa mlimani, akaua simba, na watu wa Vuga, mahali palipokuja kuwa makao ya wafalme, wakamfanya mtawala. Wazao wake walitawala wakiwa juu, na nguvu zao, katika imani ya watu, zilikuwa nguvu za mvua: mfalme aliyetulia katika kiti chake huiponya nchi, na wafalme wanaogombana huiharibu. Aliyefika kilele cha nguvu hizo alikuwa Kimweri ye Nyumbai, ambaye himaya yake iligusa pwani, na ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848 na tena mwaka 1852.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na aliyerithi kiti alikuwa mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini mmoja wa wana wa Kimweri, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, pale pale chini palipokuwa pakiniangaza kwa mabati. Alichoelewa yeye na ambacho wa juu hawakukielewa ni kwamba utajiri ulikuwa umehama. Misafara ya wafanyabiashara iliyokuwa ikienda bara ilipita kando ya milima, katika nyika ile iliyodharauliwa, ikiwa na bunduki na nguo, na aliyekaa njiani ndiye aliyezipata kwanza. Semboja akapata bunduki, akapanda mlimani na kumfukuza mrithi kutoka Vuga, na vita vilivyofuata viliwafanya watu wa milima hii kuuzwa utumwani kwa wingi na ndugu zao wenyewe. Kutoka juu ya jiwe njia ile ya misafara bado inaonekana, ingawa imebadilisha nguo mara mbili: reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 na ikaendelea hadi Moshi, na kando yake ipo lami tunayoipita sisi na mabasi ya usiku. Njia hizo zote hupita chini ya genge moja kwa sababu mlima haukuacha nafasi nyingine.

Tulikaa mpaka jua lilipotua, kisha tukarudi gizani kwa noah iliyokuwa imebeba watu kumi na kuku wawili. Usiku ule nilifuta visanduku vitano kutoka kwenye jedwali.

Msitu wa Magamba uliposhika zamu ya pili, ukungu uligeuka kuwa rafiki. Huo ni mahali pa asubuhi, na hata asubuhi mbaya kwa genge ni nzuri kwa msitu, kwa sababu msitu wenyewe unaishi kwa kuchuja mawingu: kila jani linanasa matone, kuvu ya ukoga inaning'inia kwenye matawi kama ndevu, na ardhi inanyeshewa na miti wakati anga halinyeshi. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kabla ya kuingia utalipia kiingilio na kupewa mwongozaji, na ushauri wangu ni kwamba malipo hayo uyashughulikie siku moja kabla, mtandao ukiwa unapatikana, kuliko kusimama getini na watoto wenye baridi mkisubiri ujumbe wa simu. Sisi tulisimama dakika arobaini.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana Mmbugu, na ningeweza kumsikiliza siku nzima hata bila msitu. Wambugu ni jamii ndogo ya wafugaji walio jirani na Wasambaa, na baadhi yao wana lugha ambayo wataalamu wa isimu huijadili duniani kote: maneno yake mengi ya msingi yana asili ya Kikushi, ilhali sarufi yake, viambishi na ngeli, ni ya Kibantu, karibu na Kipare. Alitutajia maneno ya ng'ombe na maziwa, binti yangu akayarudia mpaka tukaambiwa tunyamaze, kwa sababu mbega walikuwa juu yetu. Walikuwa wanne, weusi wenye mabega meupe, wametulia kabisa katika ukungu kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Baadaye tulimwona pia kulukulu akiruka, na yeyote aliyewahi kuona wekundu wa mabawa yake yakifunguka ghafla ndani ya kijani hana haja ya kuelezwa.

Miti mikubwa kule ndani ni mikulo, ambayo wanasayansi huiita Ocotea usambarensis na hivyo kulibeba jina la milima hii duniani kote, lakini iliyobaki ni michache kuliko iliyokuwapo. Upande wa Shume, karibu na ukingo wa magharibi, mitarakwa ilikatwa kwa wingi enzi za Wajerumani, na kampuni moja ilijenga njia ya nyaya za chuma iliyoning'inia juu ya magenge, ikishusha magogo kutoka Shume hadi kituo cha reli cha Mkumbara. Mwanangu wa kiume, ambaye ana miaka tisa na hupenda mashine kuliko ndege, alitaka kuuona waya huo, akasikitika alipoambiwa haupo tena. Tulimliwaza na kinyonga. Usambara Magharibi ina kinyonga wake ambaye dume lake lina pembe mbili puani, na mwongozaji alimpata kwenye tawi ambalo mimi nilikuwa nimelitazama dakika nzima bila kuona kitu. Mke wangu, aliyelelewa akiambiwa kwamba kinyonga ni mkosi, alimtazama kutoka nyuma yangu, lakini alimtazama.

Kuhusu Soni sina mengi ya kusema. Maporomoko yake yako kando ya barabara ipandayo kutoka Mombo, unayaona hata ukiwa kwenye basi, na nusu saa inayatosha. Karibu na hapo, Sakharani, watawa Wabenediktini wana shamba linalotoa mvinyo na njugu za makadamia. Njugu nilinunua, mvinyo sikuonja kwa sababu nilikuwa dereva. Ningeshauri yeyote ayaunganishe hayo mawili na siku ya kufika au ya kuondoka, na asiyape siku nzima kama nilivyokuwa nimekusudia.

Siku ya nne ilinyesha, mvua laini isiyo na mwanzo wala mwisho, na jedwali likalala. Hiyo ndiyo siku iliyonifundisha kwa nini watu hukodi nyumba badala ya chumba cha hoteli. Hotelini mvua ikinyesha unajiona umefungiwa. Katika nyumba yenye jiko, kuna maharage ya kuchambua, kuna moto wa kuwasha, kuna mama mkwe anayekuonyesha kwamba maisha yako yote umekuwa ukiupanga moto vibaya. Mvua ilipopungua tulikwenda gulioni na vikapu. Milima hii hulisha mboga miji mingi ya chini, na gulio linakuonyesha hilo kabla hujaliuliza: karoti zimeoshwa na kupangwa kama kuni, kabichi zimerundikwa kufikia kifua cha mtu, peasi, viazi, nyanya, na wanawake waliojifunga kanga mbili mbili wakibishana bei kwa Kisambaa kisha kukugeukia kwa Kiswahili safi na bei nyingine. Jioni tulipita pembeni ya Fuso zilizokuwa zikipakiwa kwa safari ya usiku. Binti yangu aliuliza kama hicho nacho ni kivutio. Nilimwambia kinahesabika.

Siku ya tano ilikuwa ya Amani kwa mujibu wa karatasi, na hapa lazima niseme wazi kwamba karatasi ile ilipotosha. Usambara ni mbili. Bonde la Lwengera linazitenganisha Usambara Magharibi, yenye Lushoto, na Usambara Mashariki, yenye Amani, na hakuna njia fupi ya kuvuka kwa gari dogo na bibi wa miaka sabini: unashuka Mombo, unapita Korogwe, unakwenda Muheza, kisha unapanda upya. Amani inastahili safari yake yenyewe, yenye kulala huko huko. Ndiko Wajerumani walikoanzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na misitu ya upande ule ndiyo inayohusishwa zaidi na ua dogo la zambarau ambalo leo limekaa katika vyungu madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na wanasayansi wakaliita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake, kana kwamba lilikuwa likimsubiri yeye kwenye miamba miaka yote hiyo. Tulimwuliza mzee wa nyumba kama kweli watu huenda Amani na kurudi siku moja. Akatafakari kwa adabu. "Wapo," akasema, "lakini hawakai kwetu tena."

Badala yake tulikwenda Mtae, na hapo nikajua kwamba tungekuwa na siku moja tu ya gari katika safari nzima, ingepaswa kuwa hii. Uondoke mapema, ukungu usikutishe, kwa sababu unautoka ukiwa njiani. Barabara hupita Magamba, kisha Lukozi, kisha Sunga, na sehemu kubwa tuliyoipita ilikuwa ya udongo mwekundu, yenye kona ambazo huwezi kuzihesabu kwa sababu huwezi kuondoa mikono kwenye usukani. Ilituchukua zaidi ya saa tatu kwa mwendo wa kobe. Kadiri unavyokwenda kaskazini miti hubadilika, mashamba hukauka rangi, hewa huwa nyepesi, na ghafla unatambua kwamba midomo yako imeanza kupasuka. Upepo wa baharini umeacha maji yake nyuma yako. Upande huu wa milima ndio unaokosa mvua.

Mtae imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zake zimejipanga kwenye mstari kwa kuwa hakuna pa kujitanua, na pande zake karibu zote nchi inaanguka. Kaskazini kuna tambarare za Mkomazi na, baada yake, Kenya, upana wa rangi ya ngozi ya simba usio na mwisho. Magharibi kuna Milima ya Upare ikiwa imepangwa kwa tabaka za buluu. Siku zilizo safi Kilimanjaro huonekana. Sisi hatukuuona, ingawa mtu mmoja pale kijijini alituonyesha kwa kidole mahali ambapo ungekuwa, kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba mwanangu hadi leo anasimulia kuwa aliuona.

Kilichonigusa zaidi ya mandhari ni utulivu wa watu wanaoishi juu ya kitu kama kile. Irente ukingo ni mahali pa kwenda; Mtae ukingo ni ua wa nyuma. Mama mmoja alianika nguo hatua chache kutoka penye genge, mbuzi walilala kwenye jiwe ambalo mimi nilikuwa naogopa kulikaribia, na vijana walicheza mpira katika uwanja ambao, mpira ukitoka upande mmoja, mchezo umekwisha mpaka kesho. Niliuliza kama hilo hutokea. Walicheka, wakasema ndiyo maana golikipa wa upande ule huchaguliwa kwa uangalifu. Tulikula mkate wetu na jibini la Irente chini ya ukuta wa kanisa la zamani, jua kali likituchoma kana kwamba tuko nyikani, na saa tisa tukaanza kurudi, kwa sababu barabara ile sipendi kuikuta usiku. Karibu na Magamba ukungu ulitupokea tena, na taa za gari zikawa hazina kazi.

Mlalo tuliigusa siku ya sita, nusu siku tu, na ningependa kuirudia. Ni mji uliokaa ndani ya bakuli la milima, wenye nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, na wamisionari wa Kilutheri walianza kazi yao hapo mwaka 1891. Lakini mimi nilitazama zaidi miteremko iliyouzunguka, yenye ngazi za matuta kuanzia mtoni mpaka juu, mistari ya migrivelia ikishikilia udongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwalazimisha wakulima wa bonde hili kuchimba matuta kwa amri na faini, nao wakapinga kwa ukali mpaka mpango ukafa kabla ya Uhuru. Miongo kadhaa baadaye, katika miradi ya hifadhi ya udongo ambayo wakulima walishirikishwa na majani ya pembezoni yakawalisha ng'ombe wao wenyewe, kazi inayofanana na ile ilipokelewa. Mzee mmoja niliyezungumza naye sokoni alinipa maelezo mafupi kuliko yote niliyowahi kuyasikia: alisema matuta ya kwanza yalikuwa ya bwana shamba, na haya ni ya ng'ombe.

Asubuhi ya kuondoka mkaratusi haukuonekana. Tulifunga mizigo, mama mkwe akampa mzee kanga kwa ajili ya mkewe, mzee akampa mfuko wa peasi, na wote wawili wakakataa mara mbili kabla ya kupokea, kama inavyotakiwa. Tulishuka kona zote za kwenda Mombo tukivua nguo moja baada ya nyingine: kwanza makoti Soni, kisha sweta, kisha tukafungua madirisha, na tulipofika barabara kuu joto lilikuwa limetukalia mapajani kama mtoto.

Mazinde nilisimamisha gari. Safari hii nilipajua. Ilikuwa saa nne, pikipiki zilipita, mama mmoja aliuza mahindi ya kuchoma, na mkonge ulinyooka mpaka chini ya mlima. Tulishuka wote tukatazama juu kutafuta jiwe tulilosimama siku ya kwanza. Mwanangu alionyesha mwamba mmoja, dada yake akaonyesha mwingine, wakabishana, na wote wawili walikuwa wakionyesha wingu jeupe lililokuwa limeufunika ukingo wote kuanzia Mombo mpaka upande wa Mkumbara. Tulisubiri mahindi yaive, tukayala, tukasubiri tena kidogo. Wingu halikusogea. Mama mkwe akasema huko juu sasa hivi wanakunywa chai ya pili, akaingia garini, nasi tukaendelea na safari kuelekea Same.